Dagaa za Mvua

Mwavuli wa Sia ulivunjika kabla mvua zenyewe hazijaanza. Alikuwa akijikinga nao jua kule Katonga, ufukweni wanakoanika dagaa, upepo wa ziwa ukaupindua, njiti zikatoka nje kama miguu ya panzi. Jioni akauleta uani kwetu, akauweka mbele yangu kwa mikono miwili.

“Shikamoo mzee. Huyu mgonjwa atapona?”

“Marahaba mwanangu. Atapona kabla yangu.”

Akacheka kidogo, akapindua ndoo, akakaa. Nilidhani ataniachia kazi aende zake, maana wateja wangu hawana desturi ya kumtazama fundi. Hakuenda. Nikafunga njiti, nikashona, nikafungua na kufunga kuujaribu, nikamkabidhi. Bado amekaa, mwavuli mapajani. Ndipo nikatambua kwamba kilichomleta si mwavuli peke yake.

Wote wawili tulikuwa wapangaji wa Bi Shadia, pale Kasingirima. Mimi nina chumba cha nyuma, karibu na choo. Yeye alikuwa na kile cha mbele chenye dirisha la vioo na kufuli kubwa. Mimi ni mtu wa Ujiji, fundi wa miavuli wakati wa mvua, na wa mabeseni yaliyotoboka wakati wa jua, na kazi yangu ni miguu: leo Katonga, kesho Simbo, keshokutwa nitakapoamkia. Shule niliionja tu. Sia alikuwa ametoka Kilimanjaro, amesoma mpaka pale ambapo watu wanasema amemaliza. Jina langu, Hamdani, alilijua siku hiyo ya mwavuli. Kabla ya hapo tulikuwa tunaamkiana tu, kila mtu na mlango wake.

“Kazi yako hasa ni nini?” nikamuuliza. “Bi Shadia anasema wewe ni mtu wa kompyuta, lakini kila nikipita Katonga nakukuta umechuchumaa na wanawake wa dagaa.”

“Kazi yangu ni kuuliza, mzee.”

“Kuuliza nini?”

“Wanaotengeneza programu wako Dar es Salaam. Hawajawahi kumwona mtu anaanika dagaa. Kwa hiyo mimi natumwa mbele. Nawauliza waanikaji wanafanyaje kazi, wanahitaji nini, naandika. Wale wa Dar wanatengeneza nilichoandika. Nikikosea, wanatengeneza makosa yangu vizuri kabisa.”

“Kumbe wewe ndiye unayechukua vipimo vya nguo.”

“Ndiyo. Ila kitambaa kinakatwa mbali, na mimi sipo.”

Nililipenda jibu hilo. Tangu jioni ile akawa anakuja na ndoo yake, hata kama hakuna kilichovunjika.

Nikaja kujua kwamba alikuwa amefanya kazi hiyohiyo Mtwara kwa watu wa korosho, na Singida kwa watu wa alizeti, na mahali pengine nimepasahau. Kila anakokwenda anakaa miezi kadhaa, anauliza, anaandika, anaondolewa. “Nikishaanza kujua mbwa yupi ni wa nani,” aliniambia, “basi ujue kazi imekwisha.” Simu yake ilikuwa imejaa majina ya watu wa mikoa yote, akina mama fulani, mwenyekiti fulani. Hakuna aliyempigia, na hakuwalaumu. Walikuwa wamezungumza naye kuhusu korosho, sasa korosho zimeisha.

Safari hii alikuwa na tumaini. Waraka wake wa mahitaji ukikubaliwa, kungekuwa na awamu ya pili, mwaka mzima, na yeye ndiye angebaki Kigoma kuwafundisha watu kuutumia mfumo wenyewe. Akanunua kabati la vyombo. Nilimsaidia kulishusha kwenye toroli, na njia nzima alikuwa anaushika mlango wake usifunguke, kama mtu anayemshika mtoto mkono barabarani. Kabati hilo lilikuwa la kwanza maishani mwake. Kote kule kwingine alikuwa anaweka sahani kwenye boksi.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Palikuwa na mnunuzi wa mbali, tajiri, aliyetaka dagaa za Kigoma kwa bei nzuri kuliko wachuuzi wa kawaida. Sharti lake lilikuwa moja: kila dagaa ijulikane imetoka mtumbwi gani, imeanikwa na nani. Mwanamke akinunua beseni lake asubuhi, anapewa kibao kidogo cha plastiki chenye namba. Kibao hicho kinakaa na dagaa zake mchangani, kinaingia nazo kwenye gunia. Mnunuzi huko aliko anaielekeza simu kwenye namba, anaona jina. Dagaa za mtu zikichanganyika na za mwingine, zinatolewa, haziuzwi kwake.

Sia alikuwa amefika Kigoma ziwa lilipofunguliwa tu, baada ya ile miezi ya kupumzisha samaki. Jua lilikuwa kali, vumbi limeifunika milima ya Kongo usiione. Akauliza maswali yake vizuri, sina la kusema. Alikuwa anaamka mapema kuwahi mitumbwi inapoingia, anabeba beseni na wenzake, anageuza dagaa kwa fagio. Wanawake walimpachika jina, Dada Maswali.

Mkubwa wao alikuwa Honorata, mama mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya maji. Kila Sia akichuchumaa na simu yake ya kurekodia, Honorata anapaza: “Jamani nyamazeni, Dada Maswali kafungua redio!” Na Melania, msichana mwenye mtoto mgongoni na ulimi mrefu kuliko wote, anaongeza: “Muulizeni na yeye kwao wanaanika nini. Ndizi?”

“Kwetu tunaanika kahawa,” Sia anajibu.

“Mawe!” Melania anashangaa kwa Kiha, kama kusema mama wee. “Na kahawa inauliza maswali hivyo?”

Wakacheka. Akacheka nao. Lakini nilikuwa naona: kicheko kikiisha, wao wanageukiana, yeye anaigeukia simu yake.

Alipowauliza kama dagaa za mtu zinaweza kukaa peke yake toka mtumbwini mpaka guniani, wote walisema ndiyo. Hawakumdanganya. Kila mwanamke ana sehemu yake ya mchanga, aliyoirithi kwa mama au shangazi, na mipaka wanaijua kwa macho. Sia akaandika. Honorata akatia sahihi kwa niaba ya wenzake, Dar wakapokea rasimu, mafundi wa programu wakaanza kazi.

Mvua ya kwanza ikaja mchana, kutoka upande wa Kongo, kama kawaida yake. Nilikuwa chini ya kibanda cha chai nikiziba beseni. Sia alikuwa mchangani chini ya mwavuli niliomshonea. Ukaja upepo wa baridi, na Honorata akapiga ukelele mmoja.

Nakwambia, sijui kama nitaweza kuieleza mbio ile. Hakuna aliyekimbilia zake. Kila mtu alikamata zilizo karibu na miguu yake. Mmoja anakusanya kwa fagio, mwingine kwa khanga, wengine wameshika turubai pembe zote, dagaa za huyu zinamwagwa juu ya za yule, rundo moja, rundo la pili, “Shika huku!”, “We mama, unalala?”, “Za Melania zile, zolea!” Melania mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshuka Simbo msibani. Matone mazito yalipoanguka, mchanga ulikuwa mtupu.

Sia alikuwa amesimama palepale. Mvua ilipopita alilisogelea lile rundo chini ya turubai.

“Hizi ni za nani?”

“Za mvua,” akasema Honorata.

“Nauliza mwenyewe ni nani.”

“Nimekujibu, dada. Za mvua.”

Kisha wakazigawa kwa macho. Honorata anachota kwa beseni, anamwangalia kila mtu usoni, anakumbuka alianika kiasi gani, anamwagia. Anayeona kapunjwa anasema, anaongezewa, wanataniana. Fungu la Melania likawekwa kando, likafunikwa. Mwisho pakabaki kidogo, na hicho kikagawanywa kwa waliokimbia, hata muuza chai wa kile kibanda, kwa sababu alishika pembe ya turubai.

“Mbona hamkuniambia haya?” Sia akauliza.

Honorata alimwangalia kwa mshangao wa kweli. “Uliuliza tunaanikaje. Kuanika ni jua. Hii si kuanika, hii ni mvua.”

Tukashika njia ya kurudi Kasingirima, mimi na Sia. Vumbi lilikuwa limeoshwa, na milima ya Kongo ilionekana tena ng'ambo, ya buluu, karibu kana kwamba ungeitupia jiwe. “Kosa ni langu,” akasema. “Jambo ambalo kila mtu analijua halisemwi. Ndilo linalotakiwa kutafutwa. Nilipaswa kuuliza kuhusu siku mbaya.”

“Si utaongeza mstari tu?”

“Mstari huo unavunja waraka mzima, mzee.”

Tulipofika nyumbani, kamba ya uani ilikuwa na nguo za mtu mmoja tu, zinachuruzika maji. Ni za Sia. Nguo zangu, na za wapangaji wengine, na za Bi Shadia mwenyewe zilikuwa ndani, zimerundikwa kwenye kiti cha sebuleni. Sia akaanua zake akazikamua moja moja. Alipoingia chumbani nikamwuliza Bi Shadia kwa sauti ya chini.

“Hamdani, zile ni nguo za mtu wa ofisi,” akanijibu. “Nitazigusaje? Soksi moja ikipotea, nitasema nini mbele yake?”

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anamheshimu. Kuna heshima ambayo ni kama lile kufuli kubwa, na anayefungiwa ni mtu.

Bosi wa Sia aliitwa Thobias, alikuwa Dar. Mtandao katika nyumba yetu unashika vizuri kando ya tangi la maji tu, kwa hiyo mazungumzo yao yote yalifanyika pale, simu juu ya mfuniko, sauti nje, nami nikiwa na miavuli yangu. Sia akamweleza habari ya mvua. Thobias akasema tusikimbilie kubadilisha mambo, tufanye majaribio kwanza na vibao vichache, huenda watu watazoea. Lilikuwa neno la busara, hata Sia alikubali.

Vibao vikaja kwa basi. Katonga ilikuwa kama sikukuu. Melania akamning'inizia mwanaye kimoja shingoni: “Huyu naye ijulikane ametoka mtumbwi gani!” Wakacheka mpaka wakakaa chini. Sia akawaeleza sharti la mnunuzi mara nyingine, polepole: chini ya namba moja ni dagaa za mtu mmoja. Wakasema wameelewa. Na kweli walielewa, ndiyo shida yenyewe.

Siku chache zikapita bila tone. Kisha asubuhi moja Melania akampeleka mtoto kliniki, na mawingu yakavuka maji.

Honorata akapiga ukelele wake. Wakakimbia. Lakini safari hii kila mtu alikimbia akiangalia chini, anatafuta namba yake. Hawakugongana, hawakutukanana, hapakuwa na “shika huku”. Kila mmoja akazoa zake, akafunika kwa kipande chake cha turubai, akasimama juu yake. Honorata alipomaliza zake akainua kichwa. Dagaa za Melania zilikuwa kule mwisho, karibu na mtumbwi uliopinduliwa, na mvua ilikuwa imekwishazikuta. Maji yalizichukua, yakaziingiza mchangani pamoja na taka. Akaanza kwenda, akasimama. Hakukuwa na la kuokoa.

Melania alirudi mvua imekatika, mtoto amefunikwa nailoni. Akaangalia sehemu yake. Akawaangalia wenzake, nao kila mmoja akajifanya ana kazi na turubai lake.

“Nani alikuwepo?”

Hatimaye Honorata akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ndogo kabisa, “Wote tulikuwepo.”

Melania akainama, akakiokota kile kibao kwenye tope, akakipangusa kwa kidole.

“Sawa,” akasema. “Angalau hazijapotea. Naona kabisa kwamba hizi zilizoharibika ni zangu.”

Nilimwangalia Sia. Alikuwa ameufunga mwavuli wake, sijui tangu saa ngapi, na maji yalikuwa yanamtiririka kichwani.

Jioni ile alisimama kando ya tangi bila ndoo.

“Thobias, nimeona kwa macho yangu. Tukiweka mfumo kama ulivyo, hawa watu wataacha kuokoleana. Si kwa ubaya. Tumewafundisha sisi. Naandika hitaji jipya: dagaa zikiokolewa kwenye mvua ziwe na namba ya pamoja, namba ya rundo, na mnunuzi azikubali hivyo.”

“Mnunuzi hatakubali. Alitaka jina la mtu, siyo la rundo.”

“Basi ajue kabla hajaleta hela, asije akajua baada.”

“Sia, sikiliza.” Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyechoka, nyuma yake magari yanapiga honi. “Hiyo ni tabia ya watu, siyo hitaji la mfumo. Tabia hatuandiki. Peleka waraka kama ulivyo, tupite, awamu ya pili uko hapohapo Kigoma, utarekebisha taratibu ukiwa ndani. Ukiandika hivyo sasa, hiyo awamu ya pili haipo. Kwako pia. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Usiku mwema, dada yangu. Fikiria.”

Akaichukua simu, akaipangusa kwa upindo wa khanga ingawa haikuwa na maji. Kisha akaja kukaa karibu nami, chini kabisa, juu ya saruji.

“Mzee, wewe ungefanyaje?”

“Mimi nashona miavuli,” nikamwambia. “Ila wewe si kazi yako kuuliza? Kawaulize wenyewe.”

Kesho yake akaenda. Aliwakalisha mchangani, hakutoa simu ya kurekodia. Akawaambia yote waziwazi: akiandika habari ya mvua, huenda mnunuzi akaondoka na bei yake nzuri, asipoandika, mnunuzi atabaki, na itakuwa kama jana. Ya kwake, ya awamu ya pili na kabati la vyombo, hayo hakuyataja. Nilikuwepo, hakuyataja.

Walibishana. Wapo waliosema tuvumilie, bei ni bei, mvua si ya mwaka mzima. Mmoja akasema kila mtu anunue turubai kubwa yaishe. Melania hakuchangia, alikuwa ananyonyesha. Honorata aliwaacha mpaka wakachoka.

“Jana mimi nimemwona Melania, mtoto wa mtaani kwetu, anapata hasara huku nimesimama,” akasema. “Nina umri huu. Sijawahi kusimama.” Akamgeukia Sia. “Andika ulichokiona.”

Si wote waliofurahi. Ila hakuna aliyemkatalia.

Sia akaandika. Siku alipoutuma waraka alinisomea sehemu hiyo, akanitafsiria maneno ya ofisini kwa maneno ya kawaida. Ilikuwa fupi. Ilisema mfumo wowote utakaotumika Katonga lazima uruhusu dagaa kuwa za mvua. Aliandika hivyo hivyo, kwa maneno ya Honorata, na chini yake akaweka maelezo.

Mnunuzi akaondoka. Haikuchukua muda. Tukasikia amepata watu kwenye ziwa jingine, mahali wanakoanikia ndani ya mabanda yenye paa, kila mtu na chumba chake. Thobias alipiga simu, akaongea kwa upole, akasema waraka ulikuwa mzuri, pengine mzuri kupita kiasi. Sia anatakiwa ofisini, kuna kazi Lindi.

Wiki zile za mwisho zilikuwa ndefu kwake. Pale Katonga salamu hazikukatika. “Mwakeye, dada,” anaambiwa, naye anaitika alivyojifunza. Lakini kule pembeni niliwasikia waliosema Dada Maswali katuletea mnunuzi na katuondolea mwenyewe. Hawakukosea. Mnunuzi alikuwa wa kweli na bei yake ilikuwa ya kweli. Sia naye aliyasikia, nadhani, maana alianza kufika baada ya mitumbwi kuingia, anakaa kibandani anakunywa chai yake, anarudi. Jioni uani alikuwa anakaa kwenye ndoo yake. Mimi na miavuli, yeye na mikono yake.

“Huko Lindi utaulizia nini?” nilimwuliza mara moja.

“Ufuta.”

“Utauliza habari za mvua?”

“Nitaanza na mvua.”

Siku ya kuondoka, treni ilikuwa ya jioni. Asubuhi alifua kitenge chake cha bluu chenye majani, akakianika, akaniomba nimsindikize Katonga kuaga. Alikuwa amevaa viatu vya safari. Anga lilikuwa jeupe tulipotoka. Honorata alimshika mikono yote miwili, akawa anatafuta la kusema. Alikuwa bado analitafuta upepo wa baridi ulipokuja. Akaiachia ile mikono, akageuka, akapiga ukelele.

Sia alikimbia.

Nilimwona anatupa mwavuli niliomshonea, anavua khanga begani, anapiga magoti kwenye dagaa za mtu ambaye sidhani alimjua, anazoa kwa mikono miwili kama sisimizi amepata nafaka. Vile viatu vya safari vilizama. “We Mchaga, huku! Huku, zinaloa!” Ni Melania huyo anapiga kelele. “Siyo hivyo, unabeba na mchanga! Kunja! Kunja khanga, mawe, hawakukufundisha shule?” Naye anakunja, anakimbia, anamwaga, anarudi. Mtu mmoja alimpiga kikumbo akaanguka, hakuna aliyemwomba radhi. Akainuka akaendelea. Hata mimi na miguu yangu hii nilishika pembe ya turubai.

Baadaye wakagawa. Honorata akachota, akamwangalia kila mtu usoni, akamwagia. Zilipobaki zile za mwisho akazigawa kwa waliokimbia. Alipofika kwa Sia akamwangalia usoni kama alivyowaangalia wengine, muda uleule, akamjazia kwenye mfuko wa nailoni.

“Zako,” akasema.

“Za mvua,” akasema Sia.

“Za mvua. Haya, nenda, utaachwa na treni. Na ukifika usikae kimya kama mtu wa ofisi.”

Tulirudi mbiombio. Alikuwa ameloa, ananuka samaki, na muda umekwenda. Akabadilisha nguo, akasukumiza vitu ndani ya begi bila kukunja. Kabati la vyombo alimwachia Bi Shadia. Bi Shadia hakuwepo, alikuwa ametoka kwenda kwa dada yake, kwa hiyo hawakuagana. Kamba ya uani ilikuwa tupu, lakini katika haraka ile sikuitazama kwa akili, na yeye hakuitazama.

Stesheni tulisimama kidogo. Watu walikuwa wanasogea mbali na mfuko wake wa dagaa, na nilimwona ameushika kwa mkono wa kulia, begi kwa kushoto. Nikampa mwavuli. Nilikuwa nimeufuata kule mchangani, njiti moja imepinda tena.

“Sijapata nafasi ya kuushona,” nikasema.

“Nitautengeneza Lindi, mzee.”

Alisema hivyo, lakini Lindi sijui kama wana fundi. Treni ikaondoka. Alipiga simu alipofika Tabora, akasema abiria mwenzake amemwomba dagaa, wanakula wote. Baada ya hapo alipiga mara nyingine akiwa Lindi, mtandao ukawa mbaya. Mimi si mtu wa kupiga simu, sijui niseme nini nisipomwona mtu anakaa kwenye ndoo.

Jioni ile ya stesheni nilirudi nyumbani nikamkuta Bi Shadia sebuleni anakunja nguo. Mvua ilimkuta bado hajatoka, akawa ameanua zote akazirundika kitini. Palikuwa na shati langu, na mashuka yake, na suruali ya mpangaji wa pembeni. Katikati palikuwa na kitenge cha Sia, kile cha bluu chenye majani.

“Umekigusa hiki?” nikamwuliza.

“Nilikuwa nakimbia, Hamdani. Mvua ile! Nilishika kilicho karibu. Ameondoka?”

“Ameondoka.”

Akakaa nacho kidogo mapajani, akakikunja. Tulisema tutampelekea kwa basi, kisha tukasema tutamtafutia mtu anayekwenda huko. Bado hatujapata mtu. Chumba cha mbele kimepangwa na mwalimu sasa, ana redio. Kitenge kiko ndani ya lile kabati, juu ya sahani, na Bi Shadia akifua nguo za nyumba hukifua nacho, akakianika. Mawingu yakitoka Kongo mmoja wetu anaondoka na kila kilichoko kambani.

Ndoo nimeiacha palepale uani. Imepinduliwa.